Mto Nilioupima Jumatano

Kwa siku tisa sikulala vizuri kwa sababu ya rangi nyekundu.

Kilikuwa kisanduku kimoja tu, chini kabisa ya karatasi ya mwisho, na nilikuwa nimekipaka mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Kijani maana yake mto uko salama. Njano, mto uko mashakani. Nyekundu, mto unakufa, na wale wanaoukaribia wazuiwe. Nilikipaka mchana kweupe, nimeshiba, akili zangu timamu. Baadaye, kila nilipolala, swali lilikuwa lile lile: je, ule mto nilioandika kwamba unakufa, unakufa kweli? Nikilijibu ndiyo, lilirudi kwa mlango mwingine: na kama haufi, nani atalipia?

Nieleze kazi yenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo Bukavu, masomo ya mazingira, nikarudi Baraka na diploma ndani ya bahasha ya plastiki. Baada ya miezi mingi ya kungoja, shirika moja dogo likanipa mkataba wa kiangazi kimoja: kupima usalama wa maji katika bonde la mto mdogo unaoshuka kutoka milima ya Fizi. Ni mto ambao wageni hawaujui. Wakati wa mvua unafika ziwani umejaa tope. Wakati wa kiangazi unanyong'onyea, unaingia mchangani kabla ya kufika, na anayetaka maji huku chini anachimba shimo kwa mikono. Shirika lilitaka kujua kama mto huo bado unaweza kuwatosha watu, mbuzi, samaki na miti, na kama utaweza hivyo mwaka ujao na mwaka wa baadaye. Nilipewa karatasi za kujaza, vipande vya kupimia uchachu wa maji, na ahadi ya chombo cha kupimia mwendo wa maji. Chombo hakikufika. Mkubwa wangu, aliyekaa Bukavu na ambaye tulikuwa tumeonana mara mbili tu, akaniambia kwa simu nitumie ndimu.

Ndimu inafaa, tulifundishwa. Unapigilia vijiti viwili ukingoni, hatua kumi kutoka kimoja hadi kingine. Unadondosha ndimu kwenye kijiti cha juu, unaangalia saa, unangoja ifike kwenye kijiti cha chini. Haizami kabisa wala haipeperushwi na upepo. Ni njia ya kweli ya kisayansi. Lakini jaribu kuifanya mbele ya wanawake wanane waliokuja kuchota maji.

Mpango ulisema nipime mara moja kwa wiki. Mimi nilichagua Jumatano, na sababu yangu haikuwa ya kisayansi hata kidogo. Nilikuwa na motari mmoja niliyemwamini, mtu mzima, anayeendesha taratibu. Siku nyingine zote alikuwa anapeleka watu Misisi kwenye dhahabu. Jumatano alipumzisha pikipiki, na alikubali kunipandisha bondeni asubuhi na kunirudisha kabla ya jua kuwa kali. Nilifikiria kutafuta motari mwingine. Nikafikiria ajali, nikafikiria vizuizi vya barabarani na maswali yake, nikafikiria kukaa nyuma ya kijana nisiyemjua kwenye njia isiyo na watu. Nikaacha. Ndivyo nilivyo. Naweza kufikiria jambo hadi likose miguu.

Basi Jumatano ya kwanza nilifika pale wanapovukia mto, nikapigilia vijiti vyangu, nikadondosha ndimu. Ndimu ikakaa. Ikazunguka polepole kama inatafuta pa kulala, ikagusa jiwe, ikatulia.

Nyuma yangu wakacheka.

"Enjenyeri, leo ndimu yako imekatala kutembea!"

"Umuache, iko nangoja motari."

"We dada, uitie chumvi uirudishe nyumbani. Kwenu ku ziwa ndagala hazikosi."

Aliyesema hilo la mwisho alikuwa mama mwenye sauti nene na pengo la jino mbele, kikwembe chake amekifunga juu ya kifua kama mtu aliyetoka shambani. Nilicheka pia, kicheko kile cha kuonyesha kwamba sikuumia. Kisha niliandika: mwendo wa maji, sufuri.

Jumatano ya pili, sufuri. Maji yaliyobaki kwenye madimbwi yalikuwa machachu. Kipande changu kiligeuka rangi mara moja. Kulikuwa na harufu kali. Katika nafasi ya maoni niliandika kwamba huenda kuna watu wanaosafisha dhahabu juu ya mto, kwa sababu kwetu, maji yakinuka, tunasema dhahabu, kama vile mtoto akilia tunasema njaa. Njiani kulikuwa na maganda mengi ya kahawia, yamekanyagwa. Niliandika: mabaki ya mimea, asili haijulikani. Jumatano ya tatu na ya nne, vile vile. Wanawake waliniuliza kama ndimu yangu imeolewa.

Sikuwauliza chochote. Hilo ndilo ninalotaka kulisema wazi, kwa sababu ningeweza kulificha. Kila Jumatano swali lilinifika kooni: maji yenu yamekwenda wapi? Na kila mara nililisikia jinsi litakavyosikika: mwanamke mzima, mtoto wa hapa hapa, hajui mto wa kwao. Wangecheka tena. Nikajiambia kwamba vipimo vinatosha, kwamba mtu akiulizwa anasema anachotaka, lakini maji hayadanganyi.

Nilikuwa naishi peke yangu kwenye nyumba yetu karibu na ziwa. Baba alikuwa amefariki nikiwa chuoni. Alikuwa na mtumbwi wa injini, naye kaka yangu akauuza akaenda Kalemie. Mama alikuwa Uvira kwa dada yangu aliyezaa mapacha, akasema anakwenda wiki tatu, na mwaka ulikuwa unaisha. Rafiki zangu wa shule walikuwa wameolewa. Tulisalimiana sokoni, wao na watoto mgongoni, mimi na mfuko wangu wa karatasi, na baada ya salamu hatukuwa na la kuongeza. Nilipika ndagala, dagaa wa ziwani, ngumi moja, na bukari, ugali wetu wa mihogo, ya mtu mmoja, nikala nikiangalia simu. Jioni, adhana ikiisha, nilisikia majirani wakiitana kula. Mama alipiga simu kila baada ya siku mbili na kuuliza swali moja:

"Ulikula?"

"Nimekula, mama."

"Ulikula na nani?"

Hapo nilisema mtandao ni mbaya.

Kwa hiyo mkubwa wangu alipopokea karatasi zangu na kunitumia ujumbe wa sauti, nilimsikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. "Kazi safi sana," alisema. "Nyekundu inaongea. Hiyo ndiyo kitu tulikuwa tunatafuta." Akaeleza kwamba kutakuwa na mkutano kwa chefu wa bonde, ambapo chefu ataweka mkono, yaani sahihi yake, kwenye uamuzi: sehemu yote ya juu ya mto ifungwe kwa watu hadi mto upone. Hakuna kulima ukingoni, hakuna kuchimba, hakuna kuweka kitu chochote majini. Akasema pia, kama kwa bahati, kwamba kuna mkataba wa mwaka mzima, na jina langu liko mezani. Nilifurahi siku nzima. Sikuwa na wa kumwambia, nikafua mapazia.

Jumamosi hiyo nilikwenda sokoni Baraka kununua unga wa mihogo. Muuzaji alikuwa yule mama mwenye pengo. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Enjenyeri wa ndimu! Kuya, kuya. Unga ya leo iko muzuri, nyeupe. Tuliiloweka juma nne mangaribi."

"Mliiloweka wapi?" Niliuliza ili kusema neno tu.

"Wapi? Ku mto, si pale juu ya wewe!" Akanitazama. "Hukuyaona mashimo yetu?"

Nilisema sikupanda huko juu. Akaeleza huku akipima unga kwa kopo, bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda msikitini. Wako wanawake wengi kwenye likilemba lao, chama cha kulimiana kwa zamu. Jumatatu na Jumanne wanang'oa mihogo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jumanne jioni wanaimenya pale ukingoni na kuitia kwenye mashimo, kila mama shimo lake. Kisha wanaufunga mto kwa mawe na migomba ili mashimo yajae. Siku nzima ya Jumatano maji yanajaza mashimo. Alhamisi asubuhi wanaufungua.

"Jumatano," nilisema. "Kila Jumatano?"

"Mu kiangazi, kila juma tano. Mayi ikiwa kidogo utafanya je? Mu mvua hatufungi."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Aliacha kupima unga.

"We mutoto. Ulikuwa unakuya kila juma tano na ndimu yako… ulikuwa unazani nini?"

"Nilidhani umekauka."

Alicheka hadi akashika bega la jirani yake, muuza mafuta ya mawese. Akamweleza, naye akacheka. "Bantu ya ku ziwa!" akasema yule mama akijipangusa macho. "Bukari munakula kila siku, munazani inaanguka toka mbinguni? Mutoto mwanamuke, na masomo yote ile, hajui muhogo inalala mu mayi!"

Ni kweli sikujua. Nyumbani kwetu unga ulikuja ndani ya mfuko. Sisi tulileta samaki, wao walileta unga, tukabadilishana sokoni, na kila upande ulidhani unaujua upande mwingine. Maganda ya kahawia njiani yalikuwa ya mihogo. Harufu niliyoiita dhahabu ilikuwa ya chakula changu mwenyewe.

Kisha mama yule akauliza kwa sauti ya chini: "Ile bantu ya shirika banasema batafunga mto. Ni kweli?"

"Sijui," nilisema.

Nilijua. Nilichukua unga wangu nikaondoka.

Siku iliyofuata, Jumapili, nilipanda bondeni. Nilipanda na motari nisiyemjua, kijana, mwenye mwendo wa kasi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na nafasi kichwani ya kuogopa ajali. Pale wanapovukia, mto ulikuwa unakwenda. Ulikuwa mwembamba, wa kifundo cha mguu, lakini unakwenda, una sauti. Nilisimama nikiutazama kama mtu aliyekwenda msibani akamkuta marehemu ameketi anakunywa chai.

Ningependa kusema nilifurahi. Lakini niliendelea kupanda kufuata maji, na furaha ikapungua. Miti ya ukingoni ilikuwa imekatwa kwa ajili ya makaa, visiki vipya, vingine bado vinatoa utomvu. Mahali pengine ukingo ulikuwa umebomoka na kuingia mtoni. Mama mwenye pengo nilimkuta kwenye shimo lake, akiosha nyuzi za mihogo iliyobaki. Alinionyesha fimbo iliyofungwa kamba ya mgomba, alama ya kwamba shimo ni lake. Kabla yake lilikuwa la mama mkwe wake. Nilimwuliza kuhusu mto. Safari hii niliuliza.

"Nikiwa bibi harusi, mayi pale chini ilikuwa inafika huku." Akagusa paja. "Tulikuwa hatufungi. Mashimo ilikuwa inajaa yenyewe."

"Na samaki?"

"Samaki?" Akatikisa kichwa. "Ile zamani."

Kwa hiyo mto ulikuwa mgonjwa kweli. Sikujua ni mgonjwa kiasi gani, wala kwa sababu ipi zaidi, miti au mihogo au mvua zilizobadilika. Nilijua tu kwamba vipimo vyangu havikusema lolote kuhusu hayo. Vilikuwa vimepima siku moja ya kazi ya wanawake, mara nne.

"Kama wakifunga," nilimwuliza, "mtaloweka wapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea ziwani, ambako kutoka hapo hakuonekani. "Kule? Na mugongo gani? Hii muhogo yetu ni ile ya uchungu. Ukiila bila kuiloweka, miguu inakufa. Mutoto ya dada yangu, mwaka ile tulikimbia vita, walikula ya haraka haraka. Mpaka leo anatembea na fimbo mbili." Aliinama tena kwenye shimo. "Mi niko na bajukuu bane mu nyumba. Nitabapa nini?"

Nilikaa naye mpaka akamaliza, na hakuniuliza kwa nini nakaa.

Ndipo zile siku tisa zikaanza. Jumatatu nilimwandikia mkubwa wangu ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nikaufuta. Nilijiuliza: nikisema nimekosea, nani ataamini vipimo vyangu tena, hata vya kweli? Nikajiuliza kinyume: nikinyamaza, mto ukafungwa, miti ikamea tena, je, si mto utakuwa umepona kwa uongo mzuri? Nikauona mto umejaa, wa pajani. Nikauona pia mlango wa yule mama, na watoto wanne wametoka nje na fimbo mbili mbili. Nilikwenda huku na huku ndani ya nyumba. Jirani akaniuliza juu ya ukuta kama nimepoteza kitu.

Siku ya sita nikapiga simu. Nilimweleza mkubwa wangu yote, hata habari ya motari. Aliongea kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko hasira.

"Sikiliza. Badilisha tu iwe njano. Andika kwamba kulikuwa na mabadiliko. Hakuna mtu atauliza. Njano haifungi mto, bamama bataendelea, na sisi hatujiaibishi. Sawa?"

Ilikuwa njia nzuri. Kila mtu angepona. Nilisema sawa, nikakata simu, nikatoa karatasi mpya na kalamu ya njano. Sikuweza. Nilijua kwamba njano ingekuwa kubahatisha kama nyekundu, ila kubahatisha kwa adabu. Na mwaka ujao mtu mwingine angekuja na karatasi yangu mkononi, ameiamini, akajenga juu yake. Labda angefunga mto. Labda angeacha miti ikatwe hadi kisiki cha mwisho kwa kuwa karatasi ilisema mambo si mabaya sana. Nilizirudisha kalamu zote kwenye kikopo.

Mama alipiga simu jioni hiyo. "Ulikula?"

"Hapana," nilisema. "Mama, we ulijua kwamba mihogo inalowekwa mtoni?"

"Kila mtu anajua," alisema kwa mshangao. Kisha: "Sikukuonyesha?"

"Hapana."

"Ah." Nilisikia mapacha wakilia nyuma yake. "Basi ni kosa letu wawili."

Mkutano ulifanyika chini ya mabati ya shule ya msingi, asubuhi. Chefu alikaa mbele na wazee wake. Mkubwa wangu alikuwa amefika kutoka Bukavu, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari. Karatasi yangu ilikuwa mezani mbele ya chefu, bado na kisanduku chake chekundu. Mkubwa wangu alidhani nimekuja na nyingine. Wanawake walikaa kwenye madawati ya nyuma, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yao juu. Mama mwenye pengo alikuwa miongoni mwao. Hakunitania.

Mkubwa wangu aliongea kuhusu maji, kwamba ni uhai, ni mali ya wote. Kisha akanigeukia na kusema: enjenyeri wetu atatoa matokeo, kuna marekebisho madogo.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika hotuba, lakini nilisema bila kusoma.

"Si marekebisho madogo. Mimi nilikuja kupima mto mara nne, mara zote Jumatano. Jumatano bamama hawa wanaufunga mto kwa ajili ya mihogo. Mimi sikujua, na sikuuliza kwa sababu niliona haya. Nilipima mto uliofungwa nikaandika kwamba umekufa. Harufu niliyoandika ni ya dhahabu, ni ya mihogo. Karatasi hii haifai. Si nyekundu, si njano, si kijani. Nimeona kwamba miti inakatwa na maji yanapungua, mama mmoja ameniambia hata samaki wameisha. Lakini kiasi gani, sijui. Kwa kujua inabidi kupimwa kila siku, kiangazi chote, na kuuliza wenye mto."

Mtu mmoja upande wa wazee akaguna. Nyuma, mwanamke mmoja akasema, "Sasa si angeuliza tu?" na mwingine akamwambia anyamaze. Mkubwa wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Hakunitazama tena siku hiyo, wala jina langu halikubaki mezani kwake.

"Sasa unataka tufanye nini?" chefu akauliza.

"Usiweke mkono," nilisema. "Tafadhali."

Nilikwenda mpaka mezani, nikaomba kalamu yake, akanipa bila kuweka mkono, nikapiga mstari juu ya kisanduku chekundu. Pembeni nikaandika: *haijulikani, mpimaji alikosea*. Nikaweka sahihi yangu chini yake, herufi zote, ili isomeke. Kisha nikakunja karatasi, nikaitia ndani ya mfuko wangu ili mtu asijenge juu yake, nikarudi kukaa kwenye dawati langu, peke yangu, na kungoja wamalize.